Hesabu ya Usiku, Kilembe

Umeme ulikatika saa mbili, na Muhindo akasema afadhali.
Mwalimu wa fizikia hulipenda giza
kama mkulima apendavyo wingu.
Akaitoa darubini kwenye katoni la sabuni,
akaisimamisha uani, kando ya behewa la shaba lililoliwa na kutu,
mahali ambapo Nyamwamba hunguruma hata pasipo mvua.

Ikweta inapita kule chini, njia ya Kikorongo,
wageni hupigia picha duara lake la saruji.
Ile nyingine iko juu, haina saruji:
nyota tatu za Mkanda, utosini pa mji,
na chini ya ile ya mashariki, moja zaidi,
nyeupe ya kibuluu, ya kupuuzwa.
"Hiyo," akasema. "Mama, karibu."

Mama hakuwahi kufumba jicho moja
ila kwa ajili ya tundu la sindano.
Akainama. Akanyamaza
muda wa kumenya ndizi moja.
"Si moja," akasema.

"Si moja. Ni tano tunazozijua,
zimeshikana kwa uzito wao wenyewe.
Tunaziita A, B, C, D, E."

Mama akautoa uso kwenye kioo.
"Watoto watano,
na mtu akawaita herufi?"

Kwetu mwana huja na jina kabla hajalia:
Baluku, Bwambale, Masereka, Kule,
na mimi Thembo, wa tano, mshika tochi.
Hakuna aliyekaa kikao kutuchagulia.
Zamu ndiyo iliyotubatiza.

"Mkubwa wao ni yupi?"
"Hakuna. Walizaliwa pamoja,
wingu moja, uchungu mmoja."
"Basi mama yao alikuwa mwanamke,"
na Muhindo, ambaye hacheki na wazazi wa wanafunzi, akacheka.

Kisha akaeleza. Jua letu ni mpishi bahili,
huinjika maharage kwa vijiti viwili
na kungoja mabilioni ya miaka.
Hizi humimina gunia zima la makaa jikoni kwa mara moja.
Mwanga wao unakata vumbi la jirani,
vumbi limebaki na umbo la kichwa cha farasi.
A na B zimebanana mno:
darubini hii haiwezi kuzitenganisha.
"Kubwa hivyo hazidumu. Ngoma ivumayo sana..."
akaanza,
akakumbuka anaongea na nani.

Mto ulipokuja na mawe ya ukubwa wa nyumba
Baluku na Bwambale waliingia wodini mara tatu,
wakatoka mara tatu, kila mmoja na mgonjwa mgongoni.
Walipopatikana, kule karibu na reli,
ilihitaji watu wanne kuwatenganisha.

Tochi yangu ilikuwa inamulika viatu vya mwalimu.
Sikuisogeza.

"Zinakimbia," akasema mama, jicho limerudi kiooni.
"Sisi ndio tunaokwenda," akasema Muhindo,
akaisukuma darubini kwa kidole kimoja.
"Na mwanga huu uliondoka kwao
miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, na zaidi."
"Bado zipo?"
"Zipo, mama. Zina mamilioni ya miaka mbele."
"Nawe umesema hazidumu."

Mwalimu hakujibu. Alikuwa anatafuta leso.

Saa nne umeme ukarudi. Mji mzima ukapiga kelele,
redio zikaamka katikati ya sentensi,
anga ikafifia kama chai iliyoongezwa maji.
Mama hakuinuka.
Alikuwa bado anahesabu, midomo ikicheza,
si kwa herufi.

"Huyu wa tatu," akasema mwishowe,
"mwanga wake hafifu. Hali vizuri.
Thembo, zima hiyo tochi
umpigie simu Masereka."